Siku Zuhura Ilipotoka Mchana Kidete

Weka mkono kifuani useme wallahi, au kama wewe ni wa kanisani sema haki ya Mungu, kwamba haya nitakayokuambia hayatatoka kinywani mwako. Hasa yasifike Rudewa. Na hasa yasiwafikie watoto wa marehemu mjomba wangu Rajabu, maana hao ukigusa ukoo wao wanapiga simu mpaka kwa watu wasiohusika. Umeapa? Haya, sogea. Mimi nami niliapishwa, tena nikiwa mtoto wa gauni lenye kiraka, nikanyamaza mpaka nywele zikawa nyeupe, na leo navunja. Kwa hiyo na wewe ukivunja sitakulaumu sana.

Kilichonifikisha hapa ni matanga ya dada yangu Tausi. Tumemzika Rudewa juzi juzi tu. Nimekaa na wanawake wa kule tunachambua mchele, namsikia mke wa mtoto wa mjomba anamnong'oneza mwenzake, akidhani masikio yangu yamezeeka kama magoti yangu: "Mungu amrehemu, ila nasikia utotoni alikuwa na mkono mrefu. Si ndiye yule aliyeiba kitabu cha shule kule Kidete?"

Nikasimama, ungo ukapinduka, mchele ukamwagika. Wakadhani ni uchungu wa msiba. Wakanishika mabega, "Jikaze, mama, ni kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu! Mungu wa watu anasingiziwa mengi.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Kidete, katikati ya reli na mto Mkondoa, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kilitupigia kelele zaidi. Baba alikuwa kibarua wa reli, kutwa yuko mbali na nyundo yake. Nyumbani alikuwepo mama, dada Tausi, mimi, na bibi mzaa mama, Bibi Sikudhani. Mambo makubwa aliamua mjomba Rajabu, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema ndiyo, baba anauliza tu ndiyo ipi.

Lakini hata mjomba alikuwa akivua kofia kwa Bibi. Bibi Sikudhani alikuwa kungwi. Hakuna msichana wa pale aliyevunja ungo bila kupita mikononi mwake, afundwe kukaa, kusema, kunyamaza. Wake za wakubwa wote walikuwa wali wake, wasichana aliowafunda yeye. Ukimgusa Bibi umegusa nusu ya kijiji mahali pabaya.

Na Bibi alijua mbingu. Hapo ndipo panaponiuma, maana watu wakisikia hadithi hii wanadhani alikuwa mjinga. Kilimia, zile nyota ndogo zilizojibana pamoja kama vifaranga, yeye ndiye aliyezitazamia kijiji kizima. Zikianza kuchomoza jioni, watu wanapita kibarazani, "Shikamoo, Bibi. Kimetoka?" Naye, "Marahaba. Kimetoka. Asiye na jembe akaazime." Na kweli mvua haikuwa mbali.

Ila nyota kwetu hazikuhesabiwa. Alituambia hivi: kila mtu ana nyota yake kule juu, na nyota za watu wa nyumba moja zimekaa jirani. Ukianza kuhesabu, mahali ulimi wako utakapoteleza ndipo penye nyota ya mtu wa kwenu, na umeshaiita, itashuka. Kuonyesha nyota kwa kidole nako kulikuwa na adhabu yake. Kidole kingekauka usipokiuma palepale. Watoto wa Kidete tulikuwa tukisahau, tunaonyesha, kisha tunaumana vidole mpaka mtu analia. Leo nacheka. Siku zile ningekata kidole kabisa kuliko kukiacha kikauke.

Kwenye hali hiyo ndipo akaja Mwalimu Damari.

Alikuwa msichana wa milimani, wa watu wa misheni, mwembamba, sauti ndogo, na viatu vilivyofungwa kamba kama vya mwanamume. Wanawake walimsema kabla hajafungua begi. Mimi nami nilimsema, niliyarithi hayo. Ndani ya begi mlikuwa na redio na kitabu. Kitabu kilikuwa kipana, kurasa nyeusi kama kitako cha sufuria, na juu ya weusi huo sayari zimechorwa kwa rangi, moja nyekundu, moja ina pete, moja imepakwa mistari kama pundamilia mgonjwa. Maandishi yalikuwa ya Kizungu, lakini chini ya kila picha Mwalimu alikuwa ameandika Kiswahili kwa penseli: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Majina hayo nilidhani ni ya mabinti wa tajiri mmoja.

Hakutufundisha kwa fimbo. Alitutoa uwanjani, akamweka mtoto mmoja katikati ameshika ungo uliopakwa bizari, huyo ndiye jua. Wengine tukazunguka. Utaridi anakimbia, Zohali anatembea kama mzee anayekwenda kudai. Tausi alikuwa dunia: anazunguka jua huku anajizungusha mwenyewe, na mimi mwezi wake, natakiwa nimzunguke yeye bila kumpa kisogo hata mara moja. Jaribu uone. Nilikuwa natembea kama kaa, najikwaa, nacheka, naye kizunguzungu kimemshika lakini anapiga kelele, "Mwezi, usinikimbie! Mwezi, nitazame!"

Tausi alikuwa darasa la saba. Pale shuleni hapakuwa na mwingine aliyetegemewa kama yeye kuingia sekondari. Mwalimu Damari alishasema hadharani kwamba huyu akifanya mtihani, anaondoka. Na Tausi alijua anataka nini akiondoka: kurudi na viatu vya kamba na kitabu chake.

Kitabu kilikuwa kimoja, watoto wengi, kwa hiyo Mwalimu aliweka zamu. Kila jioni mtoto mmoja anakiviringisha kwenye kanga safi anakwenda nacho nyumbani, awaonyeshe wazazi, asubuhi anakirudisha. Aliposhika zamu mtoto wa mtu, nyumba nzima ilijaa majirani. Hata wale waliosema ni dhambi walikuja kuitazama dhambi yenyewe.

Sasa kosa lilianzia kwa kazi ya nyumbani. Mwalimu alisema, "Leo jioni kila mmoja atazame Kilimia, ahesabu nyota anazoziona. Wenye macho makali watatushinda." Kwake ulikuwa mchezo. Hakujua anasema nini. Watoto wengine walirudi wakaandika namba ya uongo, mimi nikiwa mmojawapo. Tausi alisimama uani baada ya magharibi, akanyoosha kidole, akahesabu kwa sauti.

Bibi alitoka jikoni na mwiko. "Unafanya nini?"

"Nahesabu Kilimia, Bibi. Ni kazi ya shule."

"Kilimia nilikuonyesha mimi. Nilikuonyesha ukihesabu?"

"Hapana, Bibi."

"Uma kidole."

Tausi alikuwa mtu wa adabu. Akakiuma. Kisha akasema, polepole kabisa, "Lakini nimemaliza, Bibi. Sikuteleza."

Mama alikuwa mjamzito, na kabla ya hapo alikuwa amezika vichanga. Haikupita muda mrefu mimba ile ikatoka. Nakumbuka maji ya moto, kanga zilizofungwa mlangoni, na Bibi akitoka chumbani na beseni lililofunikwa. Akamgeukia Tausi. Alimtazama tu. Afadhali angempiga.

Nimezaa, nimeharibu mimba, nimehudumia walioharibu. Najua sasa kwamba mama alikuwa anabeba kuni mpaka siku ile, na malaria ilikuwa imemkalia mwezi mzima. Siku zile nilijua jambo moja tu, kwamba onyo la Bibi limetimia. Tausi naye aliamini. Alilala akinigeuzia mgongo, nikimsikia anahesabu tena chini chini, kama mtu anayetafuta mahali alipoteleza.

Mwalimu Damari alikuja kutupa pole. Akapiga magoti mlangoni kama inavyotakiwa, "Shikamoo, Bibi." Bibi alikuwa anasuka mkeka. Akaendelea kusuka. Wewe unaujua uzito wa hilo? Mtu mzima hanyimi marahaba hata adui yake. Mwalimu akasubiri, akarudia, "Shikamoo." Ukindu ukapita juu, ukapita chini. Mwishowe akaondoka kwa magoti, kinyumenyume, na kesho yake kijiji chote kilikuwa na wimbo mmoja: mwalimu wa nyota anamaliza matumbo ya watu.

Hata hivyo kitabu hakikuacha kuzunguka, na zamu ya Tausi ikafika tena. Alitaka kuikataa. Mwalimu akamwambia, "Ukikataa watasema kweli ulifanya kitu." Basi akakileta, hakukifungua, akakiweka kichwani pa kitanda chetu ndani ya kanga yake. Asubuhi kanga ipo, kitabu hakipo.

Tulitafuta mpaka kwenye kichanja cha vyombo. Bibi alitafuta pamoja nasi. Aligeuza magodoro, alikung'uta mikeka, alimimina hata pumba za kuku, huku anapiga kite, "Jamani, cha watu hiki! Cha watu!" Mama alikaa kitandani akilia bila sauti.

Mwalimu Mkuu hakutaka habari ndefu. Mtu mwenye tumbo lililomtangulia, anapenda kusimama mbele ya mstari. "Umekiuza kwa abiria wa treni," alimwambia Tausi mbele ya shule nzima. Na kweli treni ikisimama Kidete sote tulikuwa tunakimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha na miwa, kwa hiyo shutuma hiyo ilikaa vizuri kama kofia ya kipimo.

"Sikuuza, Mwalimu."

"Kimeota miguu?"

"Sijui, Mwalimu. Kilikuwa kichwani pangu."

Watu wakacheka. Akachapwa. Halafu likatoka lile lililomuua, ingawa alizikwa juzi: mpaka kitabu kipatikane, hatakanyaga chumba cha mtihani. Mwalimu Damari aliingia ofisini kumtetea akatoka macho mekundu.

Mjomba Rajabu alifurahi, wala hakuficha. Kulikuwa na mtu wa Rudewa, mtu mzima, mwenye mashamba, aliyekuwa ameleta posa. Tausi akampigia magoti. "Mjomba, nimebakiza mtihani tu. Nifanye mtihani, kisha useme utakalo."

"Mwizi anafanya mtihani wa nini?" mjomba akamjibu. "Mtihani wa kuiba?" Akacheka peke yake. Bibi alikuwa amekaa palepale anamenya kunde. 

Wakati huo redio ya Mwalimu ikaanza kutangaza kwamba jua litapatwa. Kipindi cha shule cha redioni kilieleza kila kitu, mpaka saa. Wazee nao wakaeleza kwa njia yao. Jua likifa, moto wote uzimwe, maji yaliyo wazi yafunikwe, watu waingie ndani wajifunike, atakayebaki nje atapokonywa kivuli chake. Na giza halitatoka upesi. Enzi za babu zao, walisema, jua lilimezwa mpaka kuku wakalala wakaamka, na halikutapikwa mpaka watu wakalilia kwa ngoma.

Mwalimu Damari akasema hapana, ni mwezi unapita mbele ya jua, kama mimi nilivyokuwa nikipita mbele ya Tausi uwanjani. Utapita, na utaondoka, na giza litakuwa fupi kuliko kupika chai. Akaomba watoto tuje shuleni alasiri ile. Mwalimu Mkuu akakubali, kwa sababu redio imesema, na redio alikuwa anaiogopa kuliko wazee. Tausi alikuwa amefukuzwa, lakini Mwalimu alimpitia njiani mtoni, akamwambia, "Njoo. Anga halina mwalimu mkuu."

Ngoja nikwambie kabisa yaliyotokea baadaye, ili nikifika mwisho nisimame bila kuongeza. Mwizi alijulikana siku hiyo. Alijulikana na kijiji kizima, na bado haikusaidia. Wazee walikaa na Mwalimu Mkuu, wakaona jina la mtu mkubwa haliwezi kumwagwa chini kwa ajili ya mtoto wa kike, ambaye ataolewa tu na yatasahaulika. Mwalimu Mkuu naye hakutaka kueleza huko juu kwa nini alimchapa na kumfukuza asiye na hatia. Kwa hiyo wakatupanga. Waislamu kwa msahafu, Wakristo kwa Biblia, tukaapa kwamba hatukuona. Mwalimu Damari peke yake alikataa kuapa, na hakumaliza muhula akahamishwa. Sikumwona tena. Mtihani ulifanyika Tausi akiwa anafundwa ndani. Akapelekwa Rudewa. Kwa sisi tulioapa mambo yalikwisha. Kwa wale ambao hawakuwepo, na kwa watoto wao, na kwa wake za watoto wao, jina la mwizi lilibaki lilipokuwa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulitoa.

Kule Rudewa Tausi alilima, alizaa, aligombana na wachungaji walioingiza ng'ombe kwenye mahindi yake kama kila mtu. Jambo moja tu alikuwa tofauti. Watoto wake hakuwaruhusu kuleta kitabu cha shule nyumbani. "Kisomeeni huko huko." Walimu walimwona mama mkorofi asiyependa elimu. Mimi nilikuwa nikimtembelea, naliona hilo, nameza.

Na mimi hapa Mikumi nina mjukuu, Rehema, anafundisha chekechea. Ana simu ukiielekeza juu inakuandikia jina la kila nyota. Ana katuni za sayari zinazoimba. Amekata maboksi akatengeneza sayari, watoto wake wanazunguka uwanjani na kelele zao huku malori ya barabara kuu yanapita. Juzi akaniuliza, "Bibi, na nyinyi mlifundishwa nyota?" Mtoto mmoja alikuwa anazunguka ubavu ubavu kama kaa. Nikasema vumbi limeniingia jichoni.

Haya. Alasiri ile.

Mwalimu alitupanga kwenye baraza ya darasa, ile inayotazama mtoni. Alifanya hivyo kwa akili. Bati la baraza lilitukinga tusilione jua, maana lilikuwa juu ya paa upande huohuo wa magharibi, na akatukataza kwa ukali tusitoke tukalitazama. Tulikuwa na maboksi yaliyotobolewa kwa sindano, tumeyatokeza ukingoni mwa baraza penye jua, mwanga unaingia kitundu kile unaanguka sakafuni kama sarafu, na sarafu ile ikawa inaliwa kidogo kidogo. Kisha akasema kuna mchezo. "Likikaribia kumezwa lote, acheni maboksi. Tazameni chini ya bati, kule juu ya kilima, ng'ambo ya mto. Zuhura itatoka mchana. Atakayeiona wa kwanza apige kelele."

Ndipo mjomba Rajabu akatokea na baba za watu wengine, fimbo mkononi, wamekuja kutuondoa tukajifunike. Nyuma yao mama zetu kadhaa, wamefunika nyuso kwa kanga, wanalia kwamba watoto watapokonywa vivuli. "We mwanamke," mjomba alimwambia Mwalimu, "ukishaua walio tumboni unataka na waliozaliwa?"

Mwalimu akafungua mdomo, lakini mwanga ukaanza kwenda. Sijui niuelezeje. Haukuwa usiku. Ulikuwa kama mtu anaweka mkono juu ya kibatari. Upepo ukawa baridi, kuku wakaanza kwenda bandani kwa foleni, mbwa akakaa kitako. Mjomba alikamatia nguzo ya baraza. Watu wazima wote waliokuja kutuondoa walijibanza humo humo chini ya bati pamoja nasi, na kwa kuwa watoto wote tulikuwa tunatazama upande mmoja, na wao wakatazama upande huo.

"Zuhura!" Alikuwa Tausi. Nani mwingine? "Ile pale! Mwalimu, ile pale!"

Kweli ilikuwa pale, nyeupe, peke yake, juu ya kilima. Tukanyoosha vidole sote, na hakuna aliyekumbuka kukiuma chake. Na chini ya vidole vyetu, mtoni, kulikuwa na mtu.

Hatukumjua kwanza. Giza, na amejifunika kaniki mpaka kichwani. Alikuwa ameingia majini hadi magotini, na kichwani amebeba kitu kipana. Anatembea polepole, kama anayekwenda kutoa sadaka. Nilisikia baadaye, kwa mama, alivyokuwa ameyapanga. Mchana hakuweza kukitupa, kwa sababu jua linaona na ni shahidi. Usiku hakuweza, kwa sababu nyota zenyewe ndizo wenye kitu. Kukichoma ni kuchoma nyota za watu. Akakificha darini, chini ya magunzi, palepale juu ya vichwa vyetu tulipokuwa tukipekua, akangoja saa ambayo jua limefumba jicho na nyota hazijatoka, watu wote wamejifungia, na giza, kama walivyosema babu zake, ni refu. Aliamini kila neno alilotufundisha. Hicho ndicho kilichomponza.

Akafika katikati. Akashusha kile kitu kichwani. Na hapo aliposikia watoto wanapiga kelele "Zuhura", akainua uso, akaiona nyota. Akaganda. Mikono yake ilibaki mbele, kama mtu aliyeshikiwa.

Na jua likarudi. Halikurudi kwa ngoma wala kwa kilio, lilirudi tu, upande mmoja, kali, kama mtu amefungua mlango kwa teke. Jogoo wakawika. Kaniki ilikuwa imemtoka kichwani. Maji yakimeremeta magotini mwake, Bibi Sikudhani, kungwi wa Kidete, amesimama mbele ya shule nzima, mbele ya wali wake, mbele ya mwanawe Rajabu, ameshika kitabu cha nyota kilichojaa masizi.

Mwanamke mmoja akasema "Yallah." Mwalimu Mkuu alitazama ardhini. Mjomba aliangusha fimbo, hakuiokota.

Tausi alikuwa amekwishashuka barazani. Alikwenda mpaka ukingoni. Nilimfuata, nikidhani atamtukana, nikitaka amtukane. Mimi nilikuwa nimeshaandaa matusi yangu. Bibi hakututazama. Alikuwa bado anatazama juu ya kilima, anatafuta, macho yanamtoka machozi kwa ule mwanga.

"Ilikuwa pale," akasema, kama mtoto. "Imekwenda wapi?"

"Ipo, Bibi," Tausi akamjibu. "Haijakwenda popote. Ni mwanga tu umeizidi." Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mtu mzima, na akapiga goti kwenye tope. "Shikamoo, Bibi. Nipokee?"

Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote. Najua Bibi alituibia kwa mapenzi, alidhani anatuokoa, na mapenzi hayo yalimla dada yangu mpaka mifupa. Naweza kuyasema haya kwa utulivu kama wasemavyo watu wenye busara. Lakini Tausi alisema neno lile siku hiyohiyo, kwa mtu aliyemnyang'anya kila kitu, watu wote wakitazama, naye Bibi amesimama majini na kitabu mkononi, mdomo wazi, hana pa kukificha. Mimi adabu ile hadi leo siiwezi.